Kamba Kwenye Minazi ya Arafa

Mathias alikuwa tayari kumwomba Mungu, kumwomba dereva wa trekta, hata kumwomba radhi mkuu wake wa shule, lakini si kumwomba jirani yao Arafa kitu chochote. Alimwambia mkewe hivyo asubuhi ya Ijumaa, furushi la kamba begani, huku redio ya jirani ikirudia kwa mara ya kumi kwamba kimbunga kingepiga Mafia kesho kabla ya adhuhuri, na kwamba kila mwenye chombo akipandishe nchi kavu na kukifunga.

Chombo chao kilikuwa kimeshapanda. Boti la faiba, ambalo msimu wa wageni lilikuwa likipeleka watu kutazama papa potwe upande wa Kilindoni, lilikaa juu ya trela katikati ya uwanja wao pale Utende, pua ikielekea Ghuba ya Chole. Mathias alikuwa ameshatoa upepo kwenye matairi ya trela, kama alivyoona kwenye simu. Simu ilisema pia alijaze maji ili liwe zito, lakini umeme ulikatika tangu usiku na pampu ya kisima ikanyamaza. Kwa hiyo zilibaki kamba. Na kamba hufungwa kwenye kitu chenye mizizi, na katika uwanja ule mzima chenye mizizi ilikuwa minazi minne tu, ya Arafa.

Mathias alisema si ya Arafa. Kiwanja walikuwa wamekinunua miaka mitatu nyuma kwa Sudi, kaka yake Arafa, aliyehamia Temeke mara tu baada ya kuuza na ambaye simu yake haijapokelewa tena. Sudi aliuza ardhi. Minazi hakuiuza kwa sababu haikuwa yake. Baba yao alipofariki, katika mgawanyo, ile minne iliangukia kwa Arafa. Watu wa kisiwani hilo haliwapi tabu. Mtu anaweza kujenga juu ya ardhi ya huyu, chini ya mti wa yule, wakazeeka hivyo wote watatu wakisalimiana vizuri. Lakini Mathias alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Ukerewe, na hesabu hiyo haikumwingia kichwani hata kidogo.

"Kilichoota kwangu ni changu," alisema siku ya kwanza, na tangu hapo hakuongeza wala kupunguza.

Akapigilia misumari minazini atundike kamba ya nguo. Arafa akaja na nyundo, hodi hakupiga, akaing'oa mmoja mmoja na kuipanga kizingitini. Mathias akamfukuza Kheri, mkwezi wa Arafa. Kheri akarudi kesho yake alfajiri na kuangusha nazi bila kuangalia chini, pipa la maji likapasuka. Sasa jambo lilikuwa limefika baraza la kata, na siku ya kusikilizwa ilikuwa Alhamisi ijayo.

Benedicta, mkewe, nesi wa zahanati, alikuwa amechoshwa na minazi ile kuliko alivyowahi kuchoshwa na zamu yoyote.

"Baba Careen, nenda kaombe," alisema. "Neno moja tu, mambo yaishe."

"Nikiomba nimekiri. Alhamisi atasimama pale aseme, 'Huyu alikuja kuniomba minazi yangu.' Mtu haombi chake."

"Basi funga bila kuomba."

"Aje na panga akate? Humjui?"

"Sasa tunafanyaje?"

"Naenda Kilindoni. Nitapata vyuma vya kukita chini, nilifungie hapo."

Akadandia bodaboda akaondoka, akaliacha boti lake limekaa wazi.

Saa nne alikuja Kheri. Hakusalimia. Alipanda mnazi wa kwanza, akaangusha nazi zote, mbivu kwa vidaka, akahamia wa pili. Benedicta alielewa: kesho kila nazi ingekuwa jiwe la kuua mtu, na Arafa alikuwa ameona hivyo kabla yao. Alitaka kumpa Kheri maji ya kunywa. Kheri akamwambia, "Nimetumwa nazi tu," akazikusanya kwenye mkokoteni na kwenda zake.

Mchana Mathias alipiga simu. Vyuma hakuna, Kilindoni nzima imenunua kila kitu, anamfuata fundi mmoja nyuma ya soko. Upepo ulikuwa umeshaanza kuyavuta mabati kwenye misumari yake. Benedicta alisimama uwanjani akapima kwa macho. Kutoka kwenye boti mpaka dirisha la chumba wanacholala Careen na mdogo wake Sadock, hatua nane. Kutoka kwenye boti mpaka jiko la Arafa, upande wa pili wa michongoma, hatua thelathini. Akajifunga khanga, akaenda.

Arafa alikuwa jikoni kwake akifunika unga. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono imechunwa na chumvi ya mashamba ya mwani.

"Shikamoo, bi Arafa."

"Marahaba. Leo njia ya kwangu mmeiona?"

"Nimekuja kwa ajili ya boti."

"Mumeo kakutuma?"

"Hajui."

"Basi rudi. Mimi sina mazungumzo ya siri na mke wa mtu."

"Bi Arafa, likiruka lile litaingia humu humu jikoni kwako."

"Liingie! Jiko hili nimelijenga mara tatu, nitalijenga ya nne. Wewe usije hapa kunionea huruma." Akafunika sufuria kwa kishindo. "Unataka nini? Kiseme. Na usikiseme kwangu peke yangu, maana Alhamisi mtakikana. Haruni!"

Haruni, mjumbe wao, alikuwa ng'ambo ya njia akipigilia mbao kwenye dirisha lake. Alikuja na nyundo mkononi, kwa shingo upande, kama mtu aliyeitwa kusuluhisha ugomvi wa watoto.

Benedicta alijua anachotakiwa kukitoa. Sentensi moja, na kesi ya mumewe imekwisha. Alimkumbuka Mathias, usiku ule wote alioketi na karatasi zake za kesi, akipiga mistari chini ya maneno, akimsomea kwa sauti mpaka chai ikapoa. Alimwonea uchungu. Kisha bati moja likanguruma kule kwao, na uchungu ukaisha.

"Naomba tufunge boti letu kwenye minazi," alisema.

"Ya nani?"

"Yako."

"Haruni hajasikia."

"Minazi yako, bi Arafa! Naomba minazi yako!"

Haruni alitazama pembeni. "Nimesikia," alisema, "ingawa leo haikuwa siku ya haya."

Arafa akainama nyuma ya kinu, akatoa kamba. Nene, za kufungia mwani kwenye vigingi, zimekunjwa vizuri na kuloweshwa kabisa, tayari kwa kufunga. Benedicta alizitazama zile kamba akapandwa na hasira hata machozi yakamlenga. Tangu asubuhi alikuwa nazo! Angekaa nazo pale mpaka upepo ung'oe mji, akingoja tu aombwe.

Arafa alifunga mwenyewe. Kila pembe ya trela na mnazi wake, kila fundo akalikanyaga kwa mguu na kulivuta kwa mgongo, kisha akapitisha kamba nyingine juu ya boti mara mbili. Benedicta alipotaka kusaidia aliambiwa ashike taa, na taa yenyewe haikuwepo, ilikuwa saa nane mchana. Arafa alipomaliza alipiga ubavu wa boti kwa kiganja.

"Asiguse mtu," alisema, akarudi kwake. Ahsante hakuingoja.

Mathias alirudi saa kumi, vyuma hana. Alishuka kwenye bodaboda, akaona boti limekaa kati ya minazi minne bila kutikisika, na uso wake ukafunguka kwa furaha kwa muda mfupi sana.

"Nani kafunga?"

"Arafa."

"Kwa kujipeleka tu?"

"Nilimwomba."

"Ulisemaje?" Kisha akauliza tena, polepole, kwa sauti ya darasani. "Mama Careen, ulisema minazi ya nani?"

"Yake."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Haruni."

Mathias aliketi kwenye chuma cha trela. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Umeniuza," alisema. "Miaka mitatu nimesimama peke yangu hapa, wananiita mtu wa kuja, na wewe umeniuza."

"Nimeokoa chumba cha watoto wako."

"Ungesubiri! Nilikuwa njiani!"

"Ulikuwa njiani na nini? Nionyeshe. Umeleta nini?"

Akainuka akaingia ndani, akatoka na kisu cha samaki. Benedicta alidhani anataka kumtisha, kisha akamwona anakata. Kamba ya kwanza, ya pili. Benedicta alimshika mkono, akasukumwa, si kwa nguvu, lakini kwa mara ya kwanza tangu waoane. Careen alilia mlangoni. Kule ng'ambo ya michongoma Arafa alikuwa ametoka, mikono kifuani, akitazama kamba zake zikianguka moja moja. Hakutukana. Akaingia ndani na kufunga mlango.

"Nguzo za kibaraza zangu," alisema Mathias akihema. "Zege nimemwaga mwenyewe. Hapo hataniambia mtu niombe."

Akalivuta trela kwa jeki na gogo mpaka karibu na nyumba, akalifunga boti kwenye nguzo mbili za kibaraza, zile zilizobeba paa la mbele.

"Likienda, litaondoka na paa," alisema Benedicta.

"Haliendi."

"Baba Careen, nakuomba."

"Umeshaomba vya kutosha leo."

Basi Benedicta akakunja mablanketi, akachukua vyeti vya watoto, dawa na mkate, akawashika wanawe mkono. "Kaa na nguzo zako," alimwambia, na alikuwa na maana hiyo hiyo. Wakaenda kulala zahanati.

Kimbunga kilifika Jumamosi saa tatu asubuhi na kikakaa mpaka alasiri. Zahanati ilikuwa ya zege juu mpaka chini, watu walijaa hadi chumba cha kujifungulia. Benedicta alishona kichwa cha mzee mmoja, akamfunga mkono binti aliyeangukiwa na mlango, na katikati ya sindano akamchukia mumewe kwa moyo wote, halafu akamwombea, halafu akamchukia tena. Kelele za nje zilimfanya Sadock azibe masikio na kuimba peke yake.

Upepo ulipolegea walirudi nyumbani kwa miguu wakiruka matawi. Mathias alikuwa hai. Alikuwa amesimama uwanjani, shati limechanika, damu imekauka juu ya jicho. Nguzo mbili za kibaraza zilikuwa chini. Zilipovutwa ziliburura boriti, boriti ikaburura paa, na mabati ya upande wote wa mbele yalikuwa yameondoka, pamoja na yale ya chumba cha watoto. Boti lilikuwa limeegemea mlango, ubavu umetoboka, nguzo moja bado imening'inia kwenye kamba. Kwa Arafa ilikuwa imeng'oka kona ya jiko. Minazi minne ilikuwa wima, imenyolewa makuti yote isipokuwa machache ya juu, na yaliyoanguka yalitapakaa kiwanja kizima.

Upande wa bahari mvua nyingine ilikuwa inakuja. Mathias hakumtazama mkewe. Aliinama akaokota kuti, akaokota la pili, ayapeleke juu ya chumba cha watoto.

"Weka chini," alisema Arafa. Alikuwa amesimama kwenye pengo la michongoma, na Haruni nyuma yake, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuhesabu waliojeruhiwa.

"Yameanguka kwangu."

"Yametoka kwangu."

"Bi Arafa, jamani," alisema Haruni, "watu wameezuliwa."

"Nimewaona. Nina macho." Hakuondoka.

Hapo Mathias akamgeukia mkewe. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwambie. Haruni huyu hapa. Mwambie jana ulikuwa na hofu tu, hukujua unachosema. Mwambie hukuomba."

Wote watatu walimtazama Benedicta. Alikuwa amemshika Sadock, na Sadock alikuwa anatetemeka kwa baridi. Neno moja tu Mathias alikuwa anamtaka aseme, kama lile ambalo Benedicta alimtaka yeye akaombe jana.

"Niliomba," alisema Benedicta. "Na nilijua ninachosema. Bi Arafa, naomba makuti yako niwafunike wanangu."

Arafa aliyatazama makuti, kisha watoto, na katika muda huo Benedicta alimchukia yeye pia.

"Chukua," alisema Arafa. "Wewe na watoto, mchukue yote. Huyo asiguse hata moja."

Benedicta alisubiri mumewe aseme kitu, atukane, acheke, awaendee wote na kisu chake. Mathias aliyatazama makuti mawili mikononi mwake. Akayalaza chini, polepole, yakiwa yamenyooka, akasogea pembeni kuwapisha.

Benedicta akaegemeza ngazi ukutani. Careen alibeba makuti, Sadock akavuta yale madogo kwa ncha, na yeye akawa anayapokea juu na kuyapanga kwenye papi, zile mbao za paa zilizobaki, haraka haraka, mvua ikiwa imeshafika kwenye ufuo. Alipotazama chini alimwona Mathias ameingia kwenye boti lake lililotoboka, ameketi kwenye benchi la wageni, mikono juu ya magoti. Angeweza kumwita aje angalau ashike ngazi. Ngazi haikuwa ya Arafa. Hakumwita.