Kaburi Lililobaki na Udongo Mweusi

Msimamizi wa mlima tulimwita Kiberiti. Alitufukuza kule juu eti tunaharibu msitu. Mke wangu alikuwa mgonjwa. Askari wake wakamtoa nje kwenye mvua, akafia mlangoni, nikamzika hapo hapo. Kisha bwana mkubwa huyo huyo akauchoma msitu akalima viazi. Kilichobaki ni kiduara cha miti kwenye kaburi, na si kwa huruma yake. Nilisimama pale na panga mpaka moto ukapita.

Asubuhi moja akapanda na mtaalamu wa udongo, binti mpole. Mimi na shemeji yangu, kaka wa marehemu, sasa vibarua wake, tulishika koleo la kuchimbia na keekee, chuma kirefu cha kutobolea ardhi na kutolea udongo. Binti akatueleza kwamba huku juu baridi huyaozesha majani polepole, ndiyo maana udongo wa msitu hushika kaboni nyingi ukawa mweusi. Mabondeni kwenye joto huisha upesi. Na ukikata miti ukalima, hata huku juu huisha. Wakubwa walitaka kujua mlima bado umeshika kaboni kiasi gani.

Tukatoboa kwenye viazi. Udongo ukatoka mwekundu, mkavu kama tofali lililosagwa. Kiberiti akakunja uso.

"Chimbeni pale kwenye miti."

"Pale amelala dada yangu, bosi," shemeji akasema.

"Kwani wafu wana mlima wao?" Akacheka peke yake.

"Kile kipande hakifanani na shamba," binti akasema.

"Wewe jaza mkebe wako wa sampuli, dada, uandike ni wa shamba. Kufanana niachie mimi."

Akanipokonya keekee, akaikita juu ya kaburi, usawa wa kifua cha mke wangu, akaanza kuizungusha.

Nikamrukia. Akanipiga teke la mdomo, nikatema meno. Nikamkaba, tukabiringika, akaniuma sikio mpaka nikasikia linachanika. Nikamgonga kichwa kwenye shina. Bado akanilaza chali, goti kifuani, akainua jiwe kwa mikono miwili.

"Shemeji!"

Watoto wake wanakula kwa kazi ile. Nilimwona akiwaza. Kisha akashusha koleo begani kwa Kiberiti. Mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Hiyo ya dada," akasema, akainua tena. "Hii yangu."

Nikamkokota Kiberiti kwa kola mpaka kwenye viazi, nikamkandamiza uso ardhini. "Huu ndio wako! Ule!" Nikamgonga, nikamgonga, mpaka binti akapiga mayowe.

Askari wake wakaja mbio, wakatushushia virungu hata tulipokwisha lala chini, wakatufunga kamba. Keekee ilikuwa bado imesimama kaburini.

"Niacheni nikaichomoe tu," nikaomba.

"Tembea, mzee!" Kirungu kingine.

Nikageuza shingo. Binti alikuwa ameshajaza mkebe wake pale pale uso wa Kiberiti ulipofukua, udongo mwekundu wenye damu, akaufunga. Kisha akaenda kwenye miti, akapiga magoti, akaichomoa keekee taratibu. Udongo mweusi uliokuwa ndani yake akaurudisha shimoni kwa vidole, wote, hata wa kwenye kucha.