Gitaa Lililotaka Spika Nzuri

Mume wangu alirekodi muziki wa gitaa lake studio, akauweka mtandaoni, nami nikajaza sebule: majirani, mashoga zangu na mama mkwe. Mama mkwe kwa miaka kumi alisema gitaa hilo ni kelele tupu. Mume wangu alishachoka; akaapa kwamba mama asipolipenda leo, analiuza.

Shemeji yangu, fundi redio, akaniuliza, "Tutumie bluetooth au waifai?"

"Yoyote, bora lisikike!"

Tukaanza na bluetooth, muziki ukitoka simu yangu kwenda kwenye spika. Nikatia simu mfukoni, nikaenda jikoni kuongeza chai, muziki ukaanza kukatika. Nikakimbia kurudi. Mara dada yangu akapiga, nikapokea bila kufikiri, na spika ikatangaza, "Haloo! Mama mkwe wako kafika, au bado anajipodoa?"

Watu wakavunjika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nimejipodoa na nimefika," mama mkwe akaijibu spika.

"Shemeji, wewe na simu hamtulii," fundi akasema. "Kwa waifai, spika inauchota muziki yenyewe mtandaoni. Simu yako tembea nayo utakako. Tena muziki unakuja mzima, haubanwi kama kwa bluetooth."

Akaunganisha. Tukasikia hadi vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Mama mkwe akatua kikombe, akamgeukia mwanawe.

"Hapo ulikuwa unavuta pumzi?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo gitaa haliuzwi. Rudisha mwanzo, na nyie wengine mfunge midomo."

Nikaufunga wangu, kwa shida.