Jembe la Gati

Dorotea aliyahesabu majembe mara tatu, na mara zote tatu la Gati, msichana wa darasa la nane, halikuwepo.

Katika shule ile ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Musoma, kila mwanafunzi alikuja na jembe lake, jina limechomwa kwenye mpini kwa msumari wa moto. Likizo ikifika alilisimamisha stoo akaenda kwao. Aliyeondoka nalo alikuwa ameaga, hata kama kwa mdomo kasema tutaonana muhula ujao. Dorotea, matroni, aliijua desturi hiyo kuliko yeyote. Shule ilipofunguliwa mwaka 1936 walikuwa wasichana tisa, yeye mmoja wao. Wanane walibeba majembe yao, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kuolewa. La tisa lilikuwa bado ukutani.

Miaka kumi na saba ilikuwa imepita, na Jumatatu Bwana Elimu wa wilaya angekuja kuandika majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la nane, wa kwanza tangu shule ianze. Asiyekuwepo haandikwi. Na leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya likizo.

Alimsimamisha Salum, dereva wa lori, katikati ya barabara, ampeleke Butiama kwao Gati.

"Nakushusha Butiama, naenda Bunda kupakia pamba," Salum alisema. "Saa kumi nakupitia. Nikipiga honi mara ya pili, jua nimeondoka."

Njia nzima Dorotea hakutulia. Mara achungulie nje, mara avute kanga, mara akanyage sakafu.

"Mama, lori haliendi kwa kusukumwa na miguu yako," Salum alisema.

"Basi lisukume wewe."

Nje ya boma la Makongoro, baba yake Gati, ng'ombe watatu walikuwa wamefungwa kamba. Ndani Makongoro alikuwa ameketi na mgeni, wanakunywa togwa. Dorotea hakusalimia.

"Makongoro, ndio mahari hiyo? Ng'ombe watatu tu? Mtoto wa darasa la nane unamtoa kama kuku wa mnadani?"

Mgeni alicheka hadi togwa ikamtoka puani. Ng'ombe walikuwa wake. Aliwaacha malishoni kwa Makongoro, shemeji yake, tangu kiangazi, na leo alikuja kuwachukua. Makongoro hakucheka.

Robi, mama yake Gati, alitoka ndani, mkono umefungwa vijiti na kitambaa. Nyuma yake Gati, tope hadi magotini, jembe mkononi.

"Matroni, siku tunafunga shule nilipata habari mama kavunjika mkono," Gati alisema. "Hapa palikuwa na jembe moja tu, nalo limekwisha. Nikaona aibu kuomba ruhusa ya kuondoka na langu. Palizi bado haijaisha."

"Nilikuwaga nasema mtama ukiisha kupaliliwa, aende," Makongoro alisema taratibu. "Sasa haendi. Umenitukana kwangu, mbele ya shemeji yangu. Nikimtoa leo watasema nilifokewa na mwanamke nikatii."

"Nimekosea, baba Gati. Nisamehe." Maneno yalimtoka kama mtu anayetema mwiba wa samaki ngege.

"Nimesikia. Haendi."

Dorotea alitazama jua. Saa saba imepita. "Palizi imebaki hadi wapi?"

"Hadi kile kichuguu," Gati alionyesha.

Kilikuwa mbali. Dorotea alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akachukua lile jembe la nyumbani lililoliwa na udongo, akaingia shambani. Gati akamfuata.

Wanawake wa jirani walisikia matroni wa Musoma analima pekupeku, wakaja kuona kwa macho yao.

"Matroni, unapalilia au unaua nyoka?" mmoja aliuliza.

"Umekuja na jembe au umekuja na mdomo?"

Walicheka, wakaenda kuleta majembe. Saa tisa walikuwa saba. Malengelenge yalimpasuka Dorotea mikononi, naye hakusimama hata kuyaangalia. Walipokifikia kichuguu, honi ililia barabarani. Ya kwanza.

Robi alimgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama na mgeni kando ya shamba. "Baba Gati, watu wamekulimia. Unawapa nini?"

Makongoro alijua anachoulizwa. Aliyelima shamba lako humrudishi kwao mikono mitupu. Hilo hata watoto wa Butiama walilijua. Wanawake walipewa togwa.

"Na wewe?" alimwuliza Dorotea bila kumtazama. "Kuna kuku."

"Kuku sitaki. Nipe Gati."

Mgeni alijifuta mdomo. "Shemeji, sasa hafoki. Kalima, anadai chake. Mpe."

Makongoro alimpokonya Gati jembe. "Nenda. Lakini hili linabaki hapa. Likiondoka na lenyewe, nitajua mmenichukulia mtoto moja kwa moja."

Shuleni hakuna msichana aliyepokelewa bila jembe. Dorotea alifungua mdomo kusema hivyo, akaufunga. "Libaki," alisema.

Honi ya pili. Walikimbia, viatu mkononi, bila kuaga vizuri. Lori lilikuwa limeshaanza kutembea. Salum alipunguza mwendo huku akilalamika, Dorotea akamsukuma Gati ndani, kisha akajivuta mwenyewe.

"Nitalima na nini?" Gati aliuliza alipopata pumzi.

"Na langu. Liko ukutani."

"Si lina jina lako?"

"Tutachoma lako chini yake. Kaa vizuri." Aligeuka nyuma, hakuna aliyekuwa anawafuata. Akageukia mbele. "Salum! Hili gari haliwezi kukimbia zaidi ya hapa?"