Ukame wa Bwawa Lililojaa

"Zamu yangu umeme hautikisiki, sembuse kukatika!" Ndivyo Megawati alivyojigamba asubuhi, mkewe akiangalia mayai kwenye mashine ya kutotolesha. Vifaranga walikuwa karibu kutoka, na majirani walishaweka oda.

Ukimsikiliza, ungedhani bwawa kalijenga yeye. Maji yanazuiwa na ukuta, yanateremka kwa kishindo ndani ya bomba, yanazungusha mtambo, na taa zinawaka. Hakuna moshi, hakuna kununua mafuta. Kazi yake mwenyewe? Kushika reki na kuondoa magugu maji kwenye nondo za mdomo wa bomba. Yakijazana, maji hayapiti na mtambo unazima.

Siku hiyo magugu yalikuja kana kwamba yamealikwa. Mwenzake anaumwa, kwa hiyo Megawati alivuta peke yake mpaka mikono ikawa si yake. Akakaa kidogo, apumzishe kiuno tu. Alipozinduka, mtambo kimya, msimamizi amefura. Wafanyakazi wengine wakashika reki, yeye akaambiwa aende nyumbani.

Jioni alimkuta mkewe kaifunika mashine kwa blanketi.

"Baba watoto, umeme unarudi lini?"

Aliona aibu kusema ukweli. "Ni ukame, mke wangu. Ndio ubaya wa umeme wa maji, mvua ikigoma na sisi tunagoma. Bwawa limebaki tope. Labda wiki ijayo."

Mtaani kulikuwa vumbi tupu. Uongo ukapita bila kubishiwa.

"Wiki ijayo?" Mkewe aliinuka taratibu, kama mtu aliyebeba gunia, akaleta ndoo. "Basi niyamwage. Yataoza humu."

Akachukua yai la kwanza. Ndani yake kitu kililia, kidogo sana. Megawati alikisikia. Alichoka hata kukiri.

"Rudisha yai hilo!" Mama mkwe alikuwa mlangoni, hotipoti mkononi. "Mkwe wangu, mchana nilikuletea chakula kule kazini. Ukame gani huo, maji ya kutoka milimani yanamwagika juu ya ukuta? Nimekuita mpaka koo likakauka, na wewe unakoroma, umeikumbatia reki kama mke mdogo!"

"Mama, mimi nili..."

"Sijauliza wewe uli nini. Umeme unarudi lini?"

Megawati aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Wakimaliza kuvuta magugu. Leo hii hii."

Mkewe alirudisha yai, akabana blanketi pembeni. Hakumtazama.