Mlinzi wa Daraja

Nesi aligusa mlango wa kibanda, na dunia ikaganda. Mvua ilisimama hewani, kuku wakabaki wameinua mguu mmoja, na katikati ya kioo cha kompyuta likajitokeza lile dirisha jeusi lenye maandishi mekundu ya kosa. Fundi alilifunga. Akapakia mchezo upya pale pale ulipohifadhiwa, akamsogeza Nesi hadi mlangoni. Ukaganda tena.

Hakukasirika. Zamani angeitukana kompyuta na vizazi vyake vyote, lakini tangu amzike mama yake hasira ilikuwa imemhama pamoja na njaa na usingizi. Waombolezaji walimsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza hata kidogo. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na hakuwa na haraka ya kuusimamia, maana alijua damu ikirudi utauma.

Chumba chao cha kazi kilikuwa juu ya duka la kuchonga funguo, na mchana kutwa mashine ya huko chini ilisaga chuma. Meza zilikuwa mbili, ya kwake na ya binamu yake Mchoraji, aliyechora kila jani na kila paa la mchezo huo. Ijumaa ulitakiwa ufike kwa msambazaji, na walikwisha kuomba kusogezewa siku.

"Bado?" Mchoraji aliuliza.

"Bado. Nadhani ni plagini ya mvua na ile ya mazungumzo. Haziivi chungu kimoja."

Plagini ni vijiprogramu vya watu wengine unavyovipachika kwenye mchezo wako ili usiandike kila kitu mwenyewe. Kimoja kinaleta mvua, kingine kinawapa wanakijiji maneno. Kila kimoja kikiwa peke yake ni kipole kabisa, ila vikikutana na kutaka kushika kitu kimoja, vinakunjana mashati. Dawa yake inajulikana: zima vyote, kisha washa kimoja kimoja mpaka mkorofi ajitokeze. Fundi alizima mvua, akazima mazungumzo, akageuza mpangilio, cha chini kikawa juu. Mwisho alizima vyote, kijiji kikabaki kikavu na watu wake mabubu. Nesi akagusa mlango. Ukaganda.

Mchoraji alisogeza kiti. "Zote umezima? Sasa mchezo unagombana na nani?"

Fundi alianza kuupakia tena.

"Dada, umejaribu kwa mchezo mpya? Au unapakia uliohifadhiwa?"

"Nimejaribu."

Ulikuwa uongo, tena ulimtoka kirahisi hadi akajishangaa. Hilo ndilo swali la kwanza la kazi hii. Yeye mwenyewe alikuwa akiwajibu wageni kwenye jukwaa la mtandaoni, kwa ukali wa mtu aliyechoka kurudia: anza upya, mchezo uliohifadhiwa unabeba mambo ya zamani hata baada ya kuyaondoa.

Mchoraji alitazama jina lililoelea juu ya kichwa cha mhusika.

"Huyu ni Nesi wa shangazi," alisema polepole.

Mama yake Fundi, nesi mstaafu, hakuwa na muda na michezo. "Watu wazima na akili zenu mnachezea vikaragosi," alikuwa akisema. Lakini katika wiki zake za mwisho kitandani aliomba aletewe hicho kikaragosi. Akakipa jina la kazi yake, akakipitisha nyumba kwa nyumba kijijini akiwajulia hali watu ambao hawakuwa na hali yoyote. Alipofika darajani, akakwama. Ili uvuke ni lazima umwamshe mlinzi aliyelala kibandani.

"Bonyeza hapo, mama, ataamka."

"Mtu amelala usingizi mzuri namna ile, nimwamshe kwa sababu ya safari yangu? Mwache alale. Nitasubiri."

"Hataamka mwenyewe. Ni mchezo tu."

"Basi umeuandika vibaya."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akahifadhi mchezo kwa kidole chake mwenyewe, Nesi akiwa mbele ya mlango, na hakuucheza tena.

Sasa Fundi alikuwa anajua, na tangu asubuhi alikuwa anajua. Kama kosa lilikuwa kwenye plagini, lingetibiwa na Nesi angevuka. Kama lilikuwa kwenye mchezo uliohifadhiwa, hakukuwa na tiba ila kuuacha na kuanza upya bila Nesi. Mchezo ungekamilika, ungeingia sokoni, na Nesi asingekanyaga ndani yake.

"Nianzishe mimi?" Mchoraji aliuliza.

"Hapana. Niachie."

Aliwasha plagini zote, akaanza upya. Kioo kilimwomba jina, akaandika herufi yoyote iliyokuwa karibu na kidole. Mvua ikanyesha, wanakijiji wakamsalimu. Akagusa mlango, nao ukafunguka bila kusita, kana kwamba haujawahi kumsumbua mtu. Ndani mlinzi alikuwa amelala chali, kifua kikipanda na kushuka.

"Imekubali," Mchoraji alisema, bila furaha. "Mwamshe basi, tuone daraja."

Kidole cha Fundi kilikaa juu ya kitufe. Kisha akakiondoa, akafungua ukurasa wa maagizo ya mlinzi, akaandika mistari michache. Mchoraji alisoma begani kwake.

"Aamke mwenyewe?"

"Mchezaji akimngoja bila kumgusa."

"Ijumaa ndiyo hii, dada. Na nani atakaa kungoja?"

"Yupo aliyetaka kungoja."

Fundi alihifadhi, akarudi kibandani, akasogeza kibodi mbali na mikono yao. Huko chini mashine ya funguo ilikuwa imezimwa, na kilichosikika ni mvua ya kwenye mchezo peke yake.

"Umempa muda gani?"

"Mrefu."

Mlinzi aligeukia ukutani, akaendelea kulala. Fundi aliweka mikono mapajani, na hapo ndipo ile ganzi ilipoanza kuuma.