Kiko cha Seremala

Ulimi wake ulikuwa umeungua. Mwokaji aliinama juu ya beseni, akasukutua kwa maji baridi, akatema, akasukutua tena, lakini uchungu uling'ang'ania kooni kama kupe. Nyuma yake, kitandani, baba yake alicheka kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki hai.

"Unakinyonya kiko kama ndama aliyefungiwa bandani," alisema. Maneno yalimtoka polepole, yakiburuta miguu. "Nani anakufukuza?"

"Baba, mimi sijawahi kuvuta hata sigara."

"Ndiyo maana nakufundisha."

Mwokaji aligeuka, maji yakimchuruzika kidevuni. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia neno hilo likielekezwa kwake. Baba yake alikuwa seremala wa kusifika. Milango yake ilifungwa bila kelele na viti vyake vilirithiwa. Karakana ilikuwa hapo hapo nyuma ya nyumba, lakini binti aliingia humo kufagia maranda na kupeleka chai, basi. Aliyesimamishwa mbele ya meza ya kazi, akashikwa mkono na kuonyeshwa randa inavyosukumwa, ni mdogo wake wa kiume. Naye mdogo mtu alipopata akili zake alikimbilia usukani wa lori, asitazame nyuma. Binti, aliyekuwa akichungulia dirishani na kuyameza yote kwa macho, aliishia kwenye tanuri la mikate mtaa wa pili. Huko alijifunza, akawa mkuu wa wenzake, na jina la kazi yake likawa ndilo jina lake.

Kisha kiharusi kikampiga mzee. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na upande mmoja wa mdomo. Alipojaribu kukishika kiko kwa meno, kilimponyoka kikatoboa blanketi, na daktari akamkataza kabisa kukigusa. Tangu hapo alilala akiutazama ukuta. Chakula alikisukuma: hiki hakina chumvi, kile kimepoa, kile kingine kimepikwa na nani? Mwokaji alivumilia, akijua kwamba mtu aliyenyang'anywa mikono yake hubaki na ulimi tu wa kugombana nao.

Ndipo alasiri moja, aliporudi kazini na unga ungali kwenye nyusi, mzee alimwambia, "Washa wewe. Mimi ninuse tu."

Hivyo ndivyo uanagenzi wake ulivyoanza, akiwa mwanamke wa makamo mwenye mvi.

Mzee alikuwa mwalimu mkali. Tumbaku ilipotoka koponi ilikuwa na unyevu, akamwamuru aitandaze juu ya karatasi mpaka inapobanwa vidoleni iachie yenyewe, isigandamane wala isivunjike. Hilo mwokaji alilielewa upesi. Vidole vilivyojua unga ulioiva havikuwa na shida na jani. Kujaza ndiko kulikomtoa jasho. Alishindilia, hewa ikakosa njia. Alilegeza, moto ukala kila kitu kwa pupa.

"Chini iache ilale," mzee alisema. "Juu ndiyo uikandamize kidogo. Vuta kabla hujawasha. Unasikia hewa inakuja bila ubishi? Haya. Washa, uzungushe moto. Itajivimbisha. Itulize kwa kidole cha mbao, hicho kijiti cha kushindilia, uwashe tena."

"Mara mbili?"

"Moto wa kwanza ni wa kubisha hodi."

Alimfundisha kutoumeza moshi, bali kuuonja mdomoni na kuuachia. Alimfundisha kukiacha kiko kipoe kinapochoma kiganja, kupitisha kijiti cha pamba ndani ya mrija wa kiko kila baada ya kuvuta, na kukipumzisha hadi kesho yake. "Kiko kilicholowa ni kama mtu aliyelia," alisema. "Huwezi kumdai kicheko siku hiyo hiyo."

Mwokaji alicheka. Hakujua kwamba baba yake alikuwa na maneno kama hayo. Pengine yote yalitumika karakanani, na mlango ukiwa umefungwa. Alianza kuharakisha kurudi nyumbani. Kila siku alivuta, akageukia kitandani, akangoja. Mzee alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, kisha akatikisa kichwa.

"Bado. Jaribu kesho."

Siku moja, pasipo kutarajia, mambo yalikaa sawa. Hakuwa amefanya lolote jipya. Alikuwa amechoka tu, na kwa uchovu akavuta taratibu, kama anayempulizia mtoto chai. Uchungu haukuja. Badala yake ulikuja utamu mdogo wenye haya, mfano wa zabibu kavu, nyuma yake nyasi zilizokatwa, na nyuma kabisa kitu alichokijua vizuri kuliko jina lake: ganda la mkate wakati linapoanza kugeuka rangi. Aliuelekeza moshi kitandani, akangoja sifa kama yule msichana aliyechungulia dirishani.

Mzee alivuta pumzi. "Bado," akasema. "Umeiunguza tena."

Wakati huo huo mlango ulifunguliwa, mdogo wake akaingia na funguo za lori mkononi. "Dada, mnafanya nini humu? Nimeipata harufu tangu barabarani! Kama zamani vile, mzee akitoka karakanani!"

"Harufu gani?" mzee aliuliza.

Dereva aliangua kicheko, akidhani ni mzaha. Mwokaji hakucheka. Alikumbuka maziwa yaliyofurika na kuungua jikoni, moshi ukatanda chumba kizima, na mzee amelala hapo macho wazi, akizungumzia hali ya hewa. Akakumbuka vyakula vyote vilivyokosa chumvi.

Alipomsindikiza mdogo wake nje alimweleza kwamba mzee hanusi tena chochote. "Basi tumpeleke kwa daktari mwingine," dereva alisema.

"Huyu aliyepo ameshasema: kilichochukuliwa na kiharusi na hakijarudi mpaka leo, hakirudi."

"Utamwambia?"

Mwokaji alitazama mikono yake. "Nimwambie ili nimwachie nini?"

Akachagua kuwa mjinga. Kila alasiri alivuta kiko kilichokuwa kitamu, akakunja uso, akalalamika: leo chungu, leo imelowa, leo imekataa kushika. Na mzee akamkosoa, sauti ikipata nguvu. Ajabu ni kwamba yeye, ambaye miaka yote alitamani kumwonyesha baba yake kazi moja iliyokamilika, sasa aliificha kazi hiyo kama kitu cha wizi.

Haikudumu. Mchana mmoja wa mvua, mzee alimkatiza katikati ya malalamiko.

"Umeshaipata. Siku nyingi tu."

"Bado, baba."

"Usinidanganye. Mtu mwenye uchungu mdomoni hakishiki kiko namna hiyo." Akameza mate kwa taabu. "Mimi ndiye sina pua. Nilianza kuhisi kabla yako. Nilitaka mtu mwingine awe na kosa."

Mvua ilipiga bati.

"Niambie ina ladha gani," mzee alisema.

Alijitahidi. Alimtajia zabibu, akamtajia nyasi, akamtajia ganda la mkate. Mzee alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, kama aliyekuwa akipima mbao kwa jicho. Mwishowe alisema, "Siyo hiyo."

"Ilikuwaje kwako?"

Mzee alifungua mdomo. Macho yake yalizunguka chumba, yakapanda dari, yakatua kwenye mkono wake uliokufa juu ya shuka. Midomo ilijaribu neno, ikaliacha.

"Sijui," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta kiwanja kitupu. "Nayo imekwenda."

Mwokaji alitaka kukizima kiko. Alikuwa ameshainua kidole cha mbao, mzee akamzuia kwa mkono mzima.

"Endelea. Usiitupe bure."

Kisha akageukia ukutani. Mwokaji alibaki kitini karibu na mgongo ule, akivuta kidogo kidogo, bila haraka, kama alivyofundishwa. Tumbaku iliungua vizuri, kwa usawa, haikuzima hata mara moja. Na utamu wenyewe haukumhurumia. Ulizidi kukolea kadiri moto ulivyoshuka, mpaka kwenye jivu la mwisho.