Moto wa Fizi za Efraimu

Asubuhi moja ya kipupwe, mwaka 1938, Efraimu alikuwa akipiga mswaki nyuma ya nyumba yake huko Iyula. Akatema damu, kama kawaida yake, na pamoja na damu kikatoka kijikaa cha moto. Mkewe, Loisi, akakizima kwa maji ya kuoshea vyombo.

“Baba Priska, fizi zimeoza hizo. Twende misheni wakang'oe hayo meno.”

“Kahawa ikikauka tutakwenda.”

Efraimu alikuwa kibarua wa shamba la mzungu. Fizi zilikuwa zimemvimba muda mrefu, wala hakuna aliyejali. Kinywa cha kibarua kina kazi gani zaidi ya kuitika? Wiki ile moto ukashuka gotini. Goti likavimba, likang'aa kupitia suruali. Wenzake wakachomea mahindi hapo, wakamtania kwamba sasa mkewe hana haja ya kwenda kuni.

Ukungu ulikuwa haujaondoka, na kahawa iliyooshwa ilianza kunuka uvundo juu ya vichanja. Nyapara Osea, mtu wa kanisa, mwenye huruma ilimradi isimgharimu kitu, akaihamishia ghalani pamoja na vichanja vyake. Kisha akamkalisha Efraimu kwenye kigoda katikati yake. Kahawa ikaanza kukauka. Mwenye shamba akaja, akatafuna punje moja, akaagiza Efraimu aongezewe uji.

Loisi alipofika ghalani, moto ulikuwa umeshika viganja na viwiko vya mumewe, na mwanga mwekundu ulikuwa ukipanda kifuani.

“Baba, moto huu unatoka mdomoni, unatembea na damu,” akamwambia Osea. “Ukifika moyoni anakufa. Nipe ruhusa nimpeleke leo.”

“Pole sana, Mama Priska,” Osea akasema, huku akiota moto kwenye bega la Efraimu. “Tungoje kichanja cha mwisho.”

Kichanja cha mwisho kilikauka Alhamisi mchana. Efraimu alikuwa amekaa wima kigodani, macho wazi, amepoa. Mwenye shamba alitoa sanda, na Ijumaa wakamzika.

Jumamosi alfajiri vibarua wakajipanga kugawiwa kazi. Ukungu ulikuwa palepale, na kahawa mpya imeoshwa. Osea akapita mbele yao na taa ya chemli, akiwafungulisha midomo mmoja mmoja.

“Nani hutokwa damu akipiga mswaki?” akauliza.

Mikono mingi ikanyooka, maana kazi ya ghalani ni ya kukaa.